Fundi Alipwe, Dhamana Ibaki Yako

Pikipiki ikishanunuliwa, mabishano huanza. Yupo atakayekwambia sevisi ni kazi ya fundi: mpelekee oili pale kijiweni, mlipe, kaa kwenye benchi usubiri. Yupo atakayesema kumlipa mtu kwa kufungua nati moja ya oili ni kuchezea pesa. Mimi naendesha pikipiki ya cc 150 hapa Morogoro, njia zote mbili nimezipitia, na naona mabishano hayo yanapima kwa shilingi jambo la uhai.

Chukua cheni. Kuikaza si kazi ngumu. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, ipandishe na kuishusha kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi za kubebea abiria, mchezo wa sentimita mbili hadi tatu unatosha, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki yako. Ikiwa imelegea, legeza nati ya ekseli ya nyuma, kaza skrubu za kurekebishia za kushoto na kulia kwa kiasi kimoja ukifuata alama zilizochongwa pembeni, kisha kaza nati. Hujamaliza bado. Tairi limesogea nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma nayo imebadilika, na huenda inashika hata hujakanyaga. Zungusha tairi kwa mkono, kanyaga pedali, irekebishe. Fundi mwenye foleni ya wateja anaweza kuisahau hatua hiyo. Wewe unayempakia mwanao kwenda shule huna ruhusa ya kuisahau.

Ukizoea kuinama hivyo, utaona na yale ambayo hukuyaendea: meno ya sproketi yaliyochongoka, spoku iliyolegea, tairi lililobaki kipara. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia hafifu, injini inaunguza mafuta vizuri. Ikitoka nyeusi na masizi, petroli imezidi hewa, na kwa barabara zetu za vumbi mara nyingi kichujio cha hewa ndicho kilichoziba. Oili chafu ikishuka kwenye beseni na punje za chuma zikimeremeta ndani yake, injini inakuonya mapema. Usipokuwepo, onyo hilo linamwagwa mtaroni pamoja na oili, na ardhi inachafuka bure. Oili hiyo itie kwenye dumu.

Kusema hivi si kuwanyima mafundi riziki. Kupima nafasi ya valvu, ambayo ni sehemu ndogo tu ya milimita, kuchonga bloku, kutambua kwa sikio kwamba cheni ya taimingi imelegea: huo ni ujuzi wa miaka. Wengi wao hawakupita chuoni, ndiyo maana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini. Mtu wa namna hiyo habanwi bei kama muuza nyanya. Na aliyewahi kuchafua mikono yake mwenyewe hambani, kwa sababu anaujua uzito wa kazi.

Nawaza hasa vijana wa bodaboda wenye pikipiki za mkataba. Kila siku wanapeleka hesabu kwa bosi, wakingojea siku pikipiki itakapokuwa yao. Kijana anayeahirisha oili ili hesabu itimie, siku mkataba unapoisha anakabidhiwa injini inayotoa moshi wa buluu. Jasho lote lile, anaanza upya kwa kutafuta pistoni na ringi. Mabosi nao wanahusika: anayepokea hesabu bila kuuliza oili ilimwagwa lini anakula mtaji wa mwenzake.

Ndugu msomaji, jifunze kazi nne: oili, cheni, plagi na breki. Zilizobaki mpelekee fundi, umlipe haki yake, usimame karibu na kuuliza. Kazi ya mikono unaweza kumlipa mtu akufanyie. Roho ya abiria aliyekaa nyuma yako ni dhamana yako wewe, na hakuna fundi wa kumkabidhi.