Haki ya Mwanafunzi wa Mwanzo

Husemwa kwamba chema chajiuza. Neno hili huwa kweli sokoni, lakini katika ghala ya elimu lina upungufu. Darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani mwaka 1990, imejaza akiba kubwa ya vipimo katika hifadhi iliyoko Baltimore, Marekani. Sehemu kubwa ya akiba hiyo ni halali ya kila atakaye kuisoma. Lakini wageni wengi hutwaa picha za rangi na kwenda zao. Mlango usiojulikana haupitani mbali na mlango uliofungwa.

Mwalimu atungaye somo la mwanzo juu ya vipimo hivi visivyo na sifa hukabiliwa na swali la maadili: amwonyeshe mwanafunzi nini, na amfiche nini? Faili la kamera kuu za Hubble, likiisha kusahihishwa, huwa na majedwali matatu ya tarakimu. La kwanza hutaja mwanga uliopimwa. La pili, kadiri ya kosa linaloweza kuwamo. La tatu hutia alama mahali pasipoaminika, kama vile panapokaa sehemu mbovu za chombo. Ni rahisi kufundisha la kwanza na kuyanyamazia mawili. Afanyaye hivyo hana nia mbaya. Huona huruma, kwa kuwa mgeni hatwikwi mzigo kizingitini. Lakini huruma imnyimayo mtu ukweli humkopesha furaha ya leo kwa majuto ya kesho.

Kisa cha nyota HR 8799 chatosha kuwa mfano. Hubble iliipiga picha mwaka 1998, na picha ikawekwa. Mwaka 2008 watafiti waliotumia darubini za Hawaii walitangaza kuwa sayari tatu zaizunguka nyota hiyo. Mwaka 2009 David Lafrenière na wenzake waliirudia picha ya zamani, wakaupunguza mng'ao wa nyota kwa njia mpya, wakaikuta sayari moja imo. Ilikuwamo miaka yote. Kutoonekana si kutokuwapo.

Basi mwanafunzi aliyefundishwa kwamba picha ni neno la mwisho atairudia kwa sababu gani? Aliyeonyeshwa mpaka wa ujuzi ndiye ajuaye mahali pa kuchimba. Mwanzo hautaki vitu vingi. Wataka vichache vilivyo kamili. Nyota moja, faili moja na majedwali yote matatu ni somo jepesi kuliko picha kumi zisizo na maelezo, na ni la haki zaidi. Kabla ya kuulizwa ameona nini, mwanafunzi na aulizwe anaweza kuamini nini, na kwa kiasi gani. Mwalimu aliyempa swali hilo amemheshimu. Aliyempa uzuri peke yake amemfurahisha tu.