Kioo cha Kukhu Hakiuzwi

Kwenye sebule ya Kukhu, nyanya yangu, hapa Mayoni, kuna kioo kikubwa cha zamani kinachonizidi urefu. Fremu yake ni ya rangi ya dhahabu, imechongwa maua na zabibu. Nyumba yenyewe ni ya udongo na mabati, na kioo kimeegemezwa tu, maana ukuta hauwezi kushika msumari wa kukibeba. Kila mgeni huuliza: "Hii mlitoa wapi?" Hakuna anayeuliza viti vilitoka wapi.

Zamani Kukhu alifanya kazi ya nyumba Kisumu. Familia aliyoitumikia ilihama nchi bila kumlipa mishahara ya miezi saba. Wakamwachia kioo. Akakifunga na blanketi, akakileta nyumbani kwa basi.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, karo ilibaki 38,000. Miwa yetu ilikuwa michanga, na miwa huchukua karibu miezi 18 kukomaa. Karo haingoji hivyo. Broka mmoja wa vitu vya zamani akaja, akataja 45,000 kwa kioo. Kukhu akakataa.

"Miezi yangu saba iko hapo, mjukuu wangu."

Niliacha chuo. Sijarudi.

Swali ambalo limenikalia tangu siku hiyo ni hili: mtu maskini ana haki ya kubaki na kitu kizuri wakati nyumba ina shida?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa hapana. Shida kwanza, urembo baadaye. Majirani pia walisema: mama mzima anajiangalia kwa kioo na mtoto amekaa nyumbani! Na hoja hiyo si ya kijinga. Karo si anasa.

Lakini angalia tunamwambia nani maneno hayo. Mtu wa Runda akiwa na kioo kama hicho, na mpwa wake amefukuzwa karo, hakuna anayemwambia auze. Tunasema anajua vitu. Ila kitu kizuri kikiwa kwa maskini, tunakihesabu kama pesa ambayo bado haijauzwa.

Mambo haya ni ya kale. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo ameeleza vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya kwa ajili ya nyumba za matajiri wa kisiwa kile. Utajiri huo ulitokana na karafuu zilizolimwa na watumwa, na pembe za ndovu zilizobebwa kwa misafara. Misafara ya pwani ilifika hadi Mumias, kwa Nabongo, hapa jirani tu. Uzuri ulikuwa wa mwenye nyumba, jasho likawa la wengine. Kwa Kukhu, aliyetoka jasho ndiye mwenye kioo. Na huyo ndiye tuliyemtaka auze.

Fremu imebanduka pembe moja, na chini yake ni chokaa nyeupe. Nikaja kujua kwamba fremu kama hizi hupakwa chaki na gundi, kisha juu huwekwa dhahabu nyembamba kuliko karatasi. Basi sikuwa nimeona dhahabu ikikaa bure. Niliona mshahara wa mtu mwingine, nikataka uwe wangu.

Nilikuwa na haki ya kusaidiwa, hilo bado nalisema. Lakini kama kioo kingekuwa chake mpaka siku mimi nikihitaji pesa, basi hakikuwahi kuwa chake. Alikuwa sawa kukataa. Na bado, nikiona picha za wenzangu na kofia za mahafali, roho inauma. Sijapata njia ya kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Mwezi jana mvua iliingia ukutani, na madoa meusi yakaongezeka kwenye kioo. Kukhu akaniita tukisogeze. Mimi nikashika juu, yeye chini.

"Polepole," akasema. "Huo ni mshahara."