Heshima ya Mhunzi

Zamani katika nchi ya Wakurya wahunzi, walioitwa Abaturi, walikuwa watu waliotengwa. Jembe lilitoka kwao, na mkuki pia. Pasipo wao hapana shamba wala ulinzi wa ng'ombe. Walakini binti wa mwenye ng'ombe hakuozwa kwa mwana wa mhunzi. Watu waliitaka kazi ya mikono yake, ila yeye mwenyewe hawakumtaka.

Twawauliza, ndugu zetu wa Tarime na Serengeti: je, dharau ile imekwisha? Mzazi huuza ng'ombe ili mwanawe awe karani. Akiambiwa ya kuwa kijana afaa kwenda chuo cha ufundi, hununa kama aliyeletewa habari ya msiba. Hata katika baadhi ya shule mtoto mkorofi huadhibiwa kwa kupewa jembe. Basi atajifunzaje kuliheshimu?

Wengine hutujibu ya kuwa mambo yamegeuka, maana mgodi wa Nyamongo ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002, na mgodi hauendi pasipo mafundi wa mitambo na wa umeme. Ni kweli. Lakini heshima itokayo katika mshahara si ya fundi, ni ya dhahabu. Nayo dhahabu ina siku ya kwisha. Sisi twadhani sababu ya kumheshimu iko mahali pengine. Mtu atiaye nyaya za umeme katika bweni la shule pale Mugumu ameshika roho za watoto watakaolala humo. Nyaya zikiisha kufunikwa kwa lipu, hapana aonaye jinsi alivyozifunga. Kazi hiyo yataka akili iliyofunzwa, tena yataka dhamiri.

Paulo alifundishwa miguuni pa Gamalieli, naye akashona mahema Korintho. Hatusomi popote ya kuwa sindano iliipunguza elimu yake.

Wala njia ya fundi haikomi kwenye nyundo. Sheria ya mwaka 1994 iliiunda VETA ili kusimamia mafunzo ya ufundi. Na chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1957 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997, ambako fundi mwenye bidii aweza kufikia shahada ya uhandisi. (Hesabu za huko makarani wengi hawaziwezi.)

Basi mzazi na atuambie atakavyofanya siku kijana wa namna hiyo atakapokuja kumposa binti yake, naye mikono yake ina grisi.