Siku Yake Ilikuwa Imefika

Liko neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia matangani, na pengine amelisema mwenyewe: "Siku yake ilikuwa imefika." Leo twataka kuuliza: ni nani aliye na haki ya kulisema neno hili, na kwa nani?

Swali hili limetujia kwa njia tusiyoitazamia, yaani kwa santuri ya vijana wa Marekani. Mwaka 2013, katika wilaya ya Oldham, jimbo la Kentucky, kilianzishwa kikundi kiitwacho Knocked Loose. Muziki wao ni hadikoo iliyochanganyika na metali: magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma za kishindo, na mwimbaji, Bryan Garris, ambaye hupaza ukelele mkali kama mtu aliyefiwa. Mzee aliyezoea kinanda na kwaya ataziba masikio, wala hatumlaumu. Hata hivyo, si haki kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Tarehe 10 Mei 2024 kikundi hicho kilitoa santuri iitwayo You Won't Go Before You're Supposed To, maana yake, Hutaondoka kabla ya wakati wako. Nyimbo zake ni 10, na zote pamoja hazitimizi nusu saa. Jina hilo lilitoka kinywani mwa mtu baki. Garris huogopa sana kusafiri kwa eropleni. Katika safari moja mwanamke aliyeketi karibu naye, wasiojuana kabisa, aliiona hofu yake, akamwambia maneno hayo ili kumtuliza. Garris akayachukua, akayafanya jina la kazi yake.

Sisi twasema mwanamke yule alitenda vema. Abiria aliye angani hana la kufanya. Hakushika usukani, vipimo vya rubani hajui kuvisoma, na kushuka hawezi. Woga wake haumwongezei usalama hata chembe. Wamla yeye tu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba saa yake haimo mikononi mwake ni kumtua mzigo usiokuwa wake.

Lakini hebu tulihamishe neno lile lile hadi kiti cha rubani. Rubani akisema, "Hatutakufa kabla ya siku yetu," kisha akaacha kukagua injini, nani angekubali kupanda eropleni yake? Neno halikugeuka hata herufi moja. Lililogeuka ni mkono: huyu ameshika usukani, yule hakuushika. Kwa abiria lilikuwa faraja, na kwa rubani limekuwa kisingizio cha mauaji.

Lugha yetu yenyewe yatutega hapa. Neno "ajali" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, mwisho wa uhai wa mtu. Leo twaliita kwa jina hilo kila gongano la barabarani, hata lile lililoletwa na dereva mlevi, au na breki mbovu ambazo mwenye gari alikwisha kuonywa juu yake. Kisha twaongeza, "Ajali haina kinga," tukarudi nyumbani. Hivyo twamtwika Mungu kosa la mtu, na gari bovu jingine laondoka stendi kesho yake asubuhi.

Kikundi hiki kiliwahi kuigusa habari hiyo. Mwaka 2021 kilitoa santuri fupi ya nyimbo 6, A Tear in the Fabric of Life, isimuliayo kisa cha mtu aliyenusurika katika ajali ya motokaa, naye mpenzi wake akafa. Majonzi yamwandama, asipate raha. Je, tumwendee mtu kama huyo na kumwambia upesi, "Siku yake ilifika"? La, hasha. Kwanza tukae naye, tukisikie kilio chake. Na kama kosa lilikuwa la mkono wa mtu, kosa hilo litajwe kwanza, ndipo faraja ije.

Kwa sababu hiyo twaona kuna jambo la kweli katika makelele ya vijana hawa. Mwimbaji aliipokea faraja ya yule mwanamke, lakini haikumziba kinywa. Wimbo wa mwisho wa santuri ile ya 2024 waitwa Sit & Mourn, yaani Keti uomboleze.

Basi, tutakapokuwa tena ndani ya basi liendalo kasi kupita kiasi, na jirani akatuambia kwa unyonge, "Siku ikifika imefika," tusimdhihaki, maana anatafuta pa kuegemea. Tumshike mkono. Lakini kabla ya hapo tumpazie dereva sauti, kwa ukelele ikibidi, apunguze mwendo.