Zawadi ya Mvuvi Isiishie Ufuoni



Wanaokijua kisiwa cha Remba wanaijua asubuhi yake. Ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay, na nyumba zake za mabati zimebanana hata mtu akikohoa usiku jirani humpa pole. Alfajiri wavuvi wa omena wanarudi na taa zao. Wamekesha majini, macho ni mekundu, viganja vimechubuka kwa kamba. Akina mama wanawangoja na ndoo na karai. Omena zinapimwa na kuanikwa, pesa zinahesabiwa. Ndipo linasikika neno ambalo ndilo mada yetu ya leo: "Nimeteseka usiku kucha, acha sasa nijipongeze."

Ndugu msomaji, je, ni dhambi kujipongeza? Hapana. Mhubiri, katika sura ya 9, anamshauri mtu ale chakula chake kwa furaha na aishi kwa raha na mke anayempenda, kwa sababu hilo ndilo fungu lake katika taabu yake chini ya jua. Angalieni vizuri maneno hayo. Maandiko Matakatifu yanamtaja mke pale pale yanapotaja malipo ya jasho. Hayasemi mtu ajipongeze kwanza mbali na nyumbani, kisha mke apewe kinachobaki.

Twende basi kwenye ufuo mwingine. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, wanafunzi saba walivua usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka Bwana aliwaambia watupe wavu upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153. Walipofika nchi kavu walikuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana Mfufuka alikuwa amewapikia! Tena akawaambia walete na baadhi ya samaki waliovua wao wenyewe. Wakala pamoja. Baada ya kula akamuuliza Petro, mara tatu, kama anampenda.

Hiyo ndiyo zawadi ya mvuvi kwa mkono wa Yesu: moto, chakula, kukaa pamoja, na mazungumzo juu ya upendo. Hakumpa kila mmoja pesa aende zake.

Sasa tujiulize, zawadi zetu zikoje? Kwenye fuo zetu ziko tayari hatua chache kutoka kwenye boti: chupa ya bia, glasi ya chang'aa, mchezo wa kamari, muziki mpaka jioni. Iko pia ile tabia mbaya iitwayo jaboya, ambapo mwanamke hutakiwa kutoa mwili wake ili apate kuuziwa samaki. Wapo wanaume wanaoihesabu hiyo kuwa zawadi ya kazi. Tuseme ukweli: huko ni kumtoza maskini njaa yake. Na virusi vya UKIMWI vilivyoingia kwa mlango huo vimeacha yatima wengi katika visiwa na fuo za ziwa letu.

Kitabu cha Mithali, sura ya 25, kinasema aliyeona asali na ale kiasi cha kumtosha, asije akashiba na kuitapika. Asali ni nzuri. Ubaya uko katika kutojua mwisho wake. Zawadi njema utaijua kwa jambo moja: kesho yake unaweza kuieleza nyumbani bila kuinamisha macho.

Na mama je? Mara nyingi tunaposema kujipongeza tunamfikiria baba tu. Mama ameamka kabla ya boti kufika, amebeba, ameanika, amefukuza ndege, amepika, amefua, na jioni anakusanya omena kabla umande haujaanguka. Nani anampongeza? Akina mama wengine wamezoea kujinyima hata wanaona kupumzika ni uvivu, halafu uchovu ule unawatoka kwa kelele juu ya watoto. Dada yangu, Bwana aliwaita mitume wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, kama tunavyosoma katika Marko, sura ya 6. Mwaliko huo ni wako pia. Kuoga kwa utulivu, kukaa kivulini na kikombe cha chai, kumtembelea rafiki, kulala mchana Jumapili baba akiwaangalia watoto: hizo ni zawadi, na hazivunji nyumba.

Sasa tuje kwa watoto, na hapa nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikirudi safari zangu na mfuko wa biskuti, peremende na soda. Watoto walinikimbilia wakishangilia, nami nikajiona baba mwema. Siku moja nilirudi mikono mitupu. Mdogo wao alikuja mbio, akatazama mkono wangu wa kulia, akatazama wa kushoto, kisha akageuka akaenda zake kucheza. Mama watoto aliniambia kwa upole, "Baba watoto, mgeni wake hakuja leo." Usiku ule sikulala vizuri. Nilielewa kwamba miaka yote ile walikuwa wakiupokea mfuko, nami nilikuwa mchukuzi wake tu.

Tena mfuko wenyewe haukuwa na heri. Chupa ya soda ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema ni afadhali sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko 6 kwa siku kwa mtu mzima. Mtoto mdogo basi? Na ajabu ni hii: omena, ambazo huliwa pamoja na mifupa yake na kujenga mifupa ya mtoto, tunaziuza zote, kisha kwa pesa ile ile tunamnunulia peremende za kumtoboa meno.

Liko na jambo la pili. Wazazi wengine huahidi malipo kwa kila kitu: ukichota maji nitakupa shilingi kumi, ukisoma nitakununulia soda, ukisali Rozari bila kusinzia utapata biskuti. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa shule ya chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa tuzo ili wachore, na wakapewa, baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Tuzo iliigeuza furaha yao kuwa kibarua. Tukiwalipa watoto wetu ili wasali, tusishangae wakiacha kusali siku malipo yatakapokoma.

Hata hivyo tusiende upande wa pili tukawa wagumu kama jiwe. Mnamkumbuka kaka mkubwa katika mfano wa Mwana Mpotevu, Luka sura ya 15? Alimlalamikia baba yake kwamba amemtumikia miaka mingi, asipewe hata mwanambuzi afurahi na rafiki zake. Baba alimjibu kwamba yuko naye siku zote, na vyote ni vyake. Jibu zuri sana! Lakini inaonekana kijana hakuwa amelijua hilo moyoni. Mtoto mtiifu naye anahitaji kuambiwa. Usimngoje apotee ndipo umfanyie karamu.

Wapendwa, tufanye nini basi? Napendekeza mambo matano, yasiyohitaji utajiri.

Kwanza, pongezi ya kinywa. Taja kitu chenyewe: "Leo umemwongoza mdogo wako vizuri njiani, nimefurahi." Neno la namna hiyo mtoto hulala nalo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Furaha ya Upendo wa mwaka 2016, alituachia maneno matatu ya nyumbani: tafadhali, asante, samahani. Tuanze sisi wakubwa, mume kwa mke, watoto wakisikia.

Pili, zawadi ya wakati. Omena huvuliwa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi wengi huzimaliza kwenye vilabu. Kwa nini zisiwe sikukuu ya nyumba? Cheza ajua na watoto. Wasimulie sigana kama bibi zetu walivyofanya katika siwindhe. Mtoto hatasahau usiku aliomshinda baba yake katika ajua.

Tatu, zawadi ya chakula cha kweli. Viazi vitamu, nyoyo, njugu, ndizi mbivu, na ngege mmoja aliyewekwa kando asiuzwe, kwa ajili ya meza ya Jumapili. Soda ibaki ya Krismasi na Pasaka. Hapo itakuwa tamu zaidi, na mtoto atakuwa amejifunza kungoja. Anayejifunza kungojea soda leo atajua kungojea ndoa kesho.

Nne, zawadi iliyopangwa na wawili. Siku ya mavuno mazuri mume na mke wakae chini kabla pesa hazijatoka mfukoni. Ya chakula, ya karo, ya akiba, ya sadaka, na kidogo ya furaha. Naam, furaha nayo iwe na fungu lake. Baba akijua fungu lake, na mama la kwake, hakuna atakayeiba.

Tano, baraka. Kabla ya kulala mpige mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso. Fransisko aliwahimiza wanandoa katika waraka ule ule waanze siku kwa busu, wabarikiane jioni, na kumngojea mwenzi na kumpokea anaporudi. Mvuvi anayejua kwamba kuna anayemngoja hutembea haraka kutoka ufuoni.

Mtauliza, hii nayo ni sala? Ndiyo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, alifundisha kwamba mambo madogo yakifanywa kwa upendo mkubwa ni njia ya utakatifu. Basi kuosha karai la omena bila kunung'unika ni njia. Kupita mbele ya kilabu bila kuingia, siku ambayo mfuko umejaa, ni njia. Jioni mjiulize wawili: Leo Mungu ametupa nini? Nani hatujamshukuru? Nani hatujamwomba msamaha? Dakika tano zinatosha.

Mimi bado najifunza. Siku hizi nikirudi mtoto hutazama mikono yangu kidogo, halafu ananitazama usoni. Tunaendelea.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke:
1. Mara ya mwisho nilipojipongeza, mwenzangu alikuwa wapi?
2. Watoto wetu wananipokea mimi au mfuko?
3. Ni zawadi gani moja tutaiacha mwezi huu, na ipi tutaiweka mahali pake?

Tusali: Bwana Yesu, uliyewawashia moto rafiki zako walipochoka, keti nasi mezani petu. Utufundishe kufurahi bila kuumizana, na kuwapa watoto wetu sisi wenyewe kabla ya vitu vyetu. Amina.