Je, ni uongo kuongeza mshahara mdomoni?



Ndugu mmoja wa parokia yetu aliitwa na sosiete moja ya hapa Lubumbashi, aulizwe habari zake kabla ya kupewa kazi ya kulinda depo. Usiku uliotangulia alikuja kwetu. «Watu wananiambia: patroni akiuliza ulikuwa unalipwa ngapi, zidisha mara mbili, maana naye atakata nusu. Je, ni dhambi?»

Tusimcheke. Ana watoto shuleni, na kodi ya nyumba inamngoja.

Swali hili ni la zamani. Katika Mwanzo 29 Labani alimwuliza Yakobo anataka mshahara gani, na Yakobo akajibu wazi. Basi kutaja bei ya kazi yako si tamaa.

Lakini uongo ni uongo. Kama neno letu la kwanza kwa patroni ni la uongo, funguo za depo yake tutazipokea kwa mkono gani? Hata hivyo, kunyamaza si kudanganya. Twaweza kujibu kwa heshima: «Patroni, kazi ile ilikuwa nyingine, tuzungumze juu ya hii.» Kisha tutaje hesabu tuliyoifanya nyumbani. Tuulize pia habari ya nyumba, usafiri na matibabu, kwani sheria ya kazi ya mwaka 2002 haivihesabu ndani ya mshahara.

Kuna na uongo mwingine, nao tumeutenda sisi wenyewe. Zamani tuliulizwa vilevile, tukainamisha kichwa: «Chochote utakachotoa, patroni.» Tulidhani ni unyenyekevu. Mwisho wa mwezi makuta hayakutosha. Tukaanza kunung'unika, kuchelewa, kumwibia patroni saa zake. Mdomo ulikuwa umekubali, moyo ulikuwa umekataa. Na wenzetu waliotufuata wakaambiwa: yule alikubali kidogo, ninyi ni nani?

Ndugu yetu alikwenda, akasema kweli. Kazi akapewa mwingine.

Hatuwezi kuwaambia kwamba ukweli hulipa kila mwisho wa mwezi. Jumapili ile wamama wa parokia walimchangia unga na mafuta. Ilikuwa haki, si sadaka tu. Sisi tunaomwambia ndugu asiseme uongo, tusimwache alale njaa kwa kututii.

Bwana awabariki.