Ila Iliyofichika

Biashara nyingi hukamilika kwa macho na mikono. Mnunuzi wa kitambaa hukikunjua akakitazama nuruni. Mnunuzi wa ng'ombe humfungua kinywa akahesabu meno. Mnunuzi wa embe huiminya kwa kidole. Lakini viko vitu ambavyo uzuri wake umo mahali jicho la mnunuzi lisipofika, wala ubaya wake haujulikani mpaka siku ya kutumiwa. Katika vitu hivyo ni shida kupata mfano ulio wazi kuliko eropleni ndogo ya michezo ya angani, iliyoundwa na mtu nyumbani kwake, ikarushwa miaka kadhaa, kisha ikatolewa kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwa muuzaji wa chombo kama hicho huzuka swali la zamani katika sura mpya: je, anawiwa na mnunuzi kujibu kweli kila aulizwalo, au kusema kila alijualo?

Nchi ambayo desturi ya kuunda eropleni nyumbani imestawi sana ni Marekani. Sheria ya huko humruhusu mtu kuunda eropleni yake mwenyewe, maadamu sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu walioifanya kwa kujielimisha au kujifurahisha. Mwaka 1953 Paul Poberezny alianzisha chama cha waundaji hao huko Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, na tangu mwaka 1970 makao ya mkutano wao mkubwa yamekuwa mji wa Oshkosh katika jimbo hilo hilo. Eropleni ya namna hii huandikwa karibu na mlango wake kwamba ni chombo cha majaribio, na tangazo jingine humwonya abiria kwamba chombo alichopanda hakikutimiza kanuni za usalama zilizowekwa kwa eropleni za kawaida. Hivyo serikali haidai kuwa chombo ni salama. Hudai tu kwamba aingiaye ndani yake awe ameonywa.

Kwa wapendao kupinduka na kubingirika angani, jina kuu katika jamii ya eropleni hizi ni Pitts. Curtis Pitts ndiye aliyeiunda ya kwanza: ndege ndogo mno, yenye bawa la juu na bawa la chini, mwili wa mabomba ya chuma na mabawa ya mti yaliyovikwa kitambaa. Ya pili aliiunda mwaka 1946. Mwaka 1948 hiyo ya pili ilinunuliwa, ikiwa imekwisha kutumika, na Betty Skelton, msichana wa miaka 22, naye akashinda kwayo ubingwa wa wanawake wa michezo ya angani mwaka 1949 na mwaka 1950. Alikuwa akikata utepe uliofungwa karibu na ardhi huku ndege imegeuka juu chini na kichwa chake kimeelekea nyasi. Msichana huyo hakuiunda ndege hiyo. Kila alipoipindua, aliyaweka maisha yake juu ya gundi iliyopakwa na mkono wa mwingine, na juu ya maungio yaliyochomewa wakati yeye hayupo. Tangu mwaka 1962, Pitts alipoanza kuuza michoro yake, hali hiyo imekuwa ya wengi: michoro ni mmoja, lakini mikono ni mingi, na mikono hailingani.

Yafaa kueleza ni nini kinachofichika. Ndani ya bawa la mti umo mhimili unaobeba mzigo wote. Rubani akiivuta ndege kwa nguvu kutoka katika mbizi, uzito wa kila kitu huzidi mara nyingi. Mtu wa kilo 70, akivuta mara sita, huwa ni mtu wa kilo 420, na mhimili hubeba ongezeko hilo kwa kadiri ile ile. Mhimili ukipita kiasi chake, aghalabu hauvunjiki siku hiyo. Nyuzi za mti hubanana zikajikunja, ukatokea mstari mwembamba kama unywele unaokata mti kwa upana, kisha kitambaa kikaendelea kung'aa juu yake kana kwamba hapana lililotokea. Vivyo hivyo bomba la chuma huweza kuliwa na kutu kutoka ndani, na bolti hafifu iliyonunuliwa katika duka la vyombo vya nyumba huweza kufanana na bolti ya eropleni kwa mtu asiyezijua alama zake. Rangi mpya huyafunika yote sawasawa, mema kwa mabaya.

Kwamba hofu hii si ndoto kulionekana Uingereza mwaka 1970. Rubani bingwa Neil Williams alikuwa akifanya mazoezi katika ndege aina ya Zlin, ambayo haikuundwa nyumbani bali kiwandani, kwa wahandisi na vipimo vyote. Kiungo cha chuma cha chini kilichoshika mhimili wa bawa kilikuwa kimechoka, kikakatika angani, na bawa la kushoto likaanza kukunjamana kuelekea juu. Williams aliigeuza ndege juu chini ili uzito wenyewe ulirudishe bawa mahali pake, akairusha hivyo mpaka uwanjani, na alipoikaribia ardhi akaigeuza tena, ikaanguka kwa tumbo, akatoka mzima. Watu hulisimulia tukio hilo kwa kuusifu ustadi wake, na sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, iko ibra nyingine: bingwa yule alipanda akiwa hajui, na hapana aliyemficha. Chuma chenyewe ndicho kilichonyamaza.

Sasa yatazamwe maneno ya wanafalsafa. Katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliieleza hitilafu iliyokuwapo kati ya Diogenes wa Babylon na Antipater, mwanafunzi wake. Walijadili habari ya mfanyabiashara aliyefika na nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, akijua kwamba merikebu nyingine za nafaka zilikuwa njiani kutoka Iskandaria. Na habari ya mtu auzaye nyumba anayoijua kuwa mbovu, mti wake dhaifu, na nyoka wamo vyumbani. Diogenes alisema kwamba muuzaji aseme ila ambazo sheria humlazimu kuzisema, na asitumie hila. Zaidi ya hayo, kunyamaza si kuficha. Antipater alisema kwamba wanadamu ni jamii moja, wala haifai mmoja ajue jambo limpasalo mwenzake kulijua, kisha alizuie kwa faida yake. Cicero mwenyewe aliona kwamba wauzaji wale hawakupaswa kuficha. Waislamu nao wanaijua habari ya Mtume Muhammad alipoutia mkono wake ndani ya fungu la chakula sokoni, akakuta umajimaji chini yake, akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka sehemu iliyorowa juu watu waione. Na katika sheria ya Kiislamu mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwamo katika bidhaa ana hiari ya kuirudisha.

Hiari hiyo ni njema kwa punda na kwa nyumba. Kwa eropleni ya michezo inaweza kuchelewa. Aliyeuziwa punda kiwete hurudi kulalamika kwa miguu yake mwenyewe. Aliyeuziwa bawa lenye ufa huenda asirudi. Kwa hiyo katika biashara hii haki haiwezi kungoja nyuma ya mauzo. Ni lazima itangulie.

Lakini muuzaji anyamazaye ana hoja zake, nazo zisidharauliwe. Atasema: neno la kuonya limeandikwa mlangoni, mnunuzi ni mtu mzima, ana macho, ana fedha ya kumlipa fundi, bei ya chombo kilichoundwa nyumbani huwa ndogo kwa sababu hatari imekwisha kuhesabiwa ndani yake. Tena atasema kwamba atakaye usalama kamili asipande kabisa. Yote haya yana chembe ya kweli. Anayenunua hatari kwa hiari yake hana haki ya kulia kwamba ameuziwa hatari.

Jibu la hoja hizo limo katika kutenga mambo mawili yanayofanana. Iko ila iliyofichika kwa wote wawili, na iko ila iliyofichika kwa mmoja tu. Ya kwanza ni kama ile ya Williams: hapana aijuaye, na wote husimama mbele yake sawasawa. Onyo la mlangoni huihusu ila hiyo, na bei ndogo huilipia. Ya pili ni ile ambayo muuzaji anaijua, kwa kuwa ndege ilitua vibaya mwaka fulani, bawa likagusa ardhi, na matengenezo yakafanyika bila kuandikwa katika daftari. Ila hii haikuhesabiwa katika bei, maana mnunuzi hakujua cha kuhesabu. Aliridhia hatari ya mambo yasiyojulikana. Hakuridhia kuwa yeye peke yake asiyejua. Anyamazaye hapo humtwalia mwenzake ridhaa ambayo hakuitoa.

Itaulizwa: na yule ambaye hajui kwa sababu hataki kujua? Huyu ni mtu wa namna ya pekee, na eropleni za michezo zina chombo kinachomfaa kwa mfano. Ni kipimo cha uzito chenye mishale mitatu. Mmoja huonyesha uzito wa sasa. Miwili hubaki pale palipofikiwa na mvuto mkubwa kuliko yote, wa juu na wa chini, wala hairudi mpaka kifungo kibonyezwe. Kifungo hicho ni halali. Marubani hukibonyeza ili kupima upya. Lakini rubani aliyeuona mshale umepita mpaka, akabonyeza asiandike, wala asilifungue bawa kutazama, amejitengenezea ujinga. Akija mnunuzi, atasema kwa ulimi usiotetemeka kwamba hajui ufa wowote, na maneno yake yatakuwa kweli. Ukweli wa namna hii ni mbaya kuliko uwongo wa kawaida, kwa kuwa mwongo hujua angalau kwamba ana deni. Ujinga uliotafutwa ni elimu iliyokimbiwa, na wajibu wa kusema huanza katika wajibu wa kutazama.

Mnunuzi naye hana haki ya kuvikwa vazi la mdhulumiwa kabla hajadhulumiwa. Desturi ya Marekani humpa njia. Aweza kuyasoma madaftari tangu siku ya kwanza, ambamo hutakiwa kuandikwa michezo ambayo ndege ilijaribiwa na kuithibiti. Aweza kumwajiri fundi asiyekuwa rafiki wa muuzaji, aziangalie nguzo, nyaya, gundi na injini. Aweza kuzitaka picha zilizopigwa kabla kitambaa hakijavikwa. Tena hujua kwamba cheti cha muundaji cha kuikagua ndege yake kila mwaka hakihamishwi pamoja na ndege; atakayeinunua hawezi kuikagua kwa cheti hicho. Sheria hapo imekiri jambo zito: kwamba chombo chaweza kuuzwa, lakini ujuzi wa aliyekiunda hauuziki. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Walakini wapendao aghalabu hawataki kuijua. Mtu aliyesafiri mbali, fedha mfukoni, akaiona ndege ndogo nyekundu inang'aa juani, huanza kumchukia fundi kwa kila kidole atiacho chini ya kitambaa. Mnunuzi huyo na muuzaji mkimya hufanya shirika: mmoja hasemi, mwingine haulizi, na wote wawili hulipa jina la imani jambo ambalo ni woga.

Wala mambo hayaishii kati ya wawili. Ndege huuzwa tena. Yupo mnunuzi wa tatu ambaye hajazaliwa katika biashara hiyo. Yupo abiria wa kiti cha pili, alisomaye tangazo akacheka. Wapo watu walio chini. Daftari lililoachwa wazi mahali pa ajali huwadanganya wote hao, hata baada ya mwandishi wake kufa. Hapa Antipater ana nguvu kuliko Diogenes: habari ya ila si mali ya muuzaji hata aamue kuigawa au kuizuia. Ni sehemu ya chombo, kama mhimili ulivyo sehemu ya bawa, na auzaye ndege bila habari zake ameuza pungufu, akatwaa bei kamili.

Hapana shaka kwamba kusema kweli huku kuna gharama. Muuzaji aweza kupata nusu ya bei, au asipate mnunuzi. Huenda ikamlazimu kuivunja kazi ya miaka na kuuza injini peke yake. Hiyo ni hasara ya kweli, na hapana falsafa iwezayo kuifanya faida. Lakini ni hasara iliyokwisha kutokea siku ile mhimili ulipopata ufa. Anyamazaye haiepuki, humwachia mwingine ailipe, tena kwa sarafu ambayo mwenyewe asingekubali kuitoa.

Betty Skelton aliiuza ndege yake mwaka 1951, alipoacha michezo. Baada ya miaka yeye na mumewe waliipata tena, na mwaka 1985 wakaitoa kwa jumba la makumbusho la taifa la anga la Marekani. Leo imetundikwa katika jengo la makumbusho hayo huko Virginia, juu chini, kama alivyokuwa akiirusha. Ndege nyingi hazifiki huko. Zilizo nyingi hupita kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono huongeza neno katika daftari au hulipunguza. Aliye na kalamu juu ya ukurasa huo, usiku wa kuamkia siku ya kuuza, hana shahidi. Na mtu atakayepinduka angani kwa kuliamini neno lake bado hamjui kwa jina.